Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: tuwekeeni sheria ya kusachi maboksi ya wanafunzi

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, salaam.

Sitakuzungusha. Naomba kitu kimoja tu, wizara iandike sheria moja ya nchi nzima ya kusachi maboksi na loka za wanafunzi wa bweni, iseme nani anasachi, lini na kwa sababu gani, maana saa hii kila shule inajifanyia yake na wanaoumia ni watoto.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa ni usalama, na hapo sina ubishi. Machi 2001 kule shule ya Kyanguli, Machakos, hapa Kenya, wavulana 67 waliteketea bwenini usiku kwa moto wa petroli, na hakuna mzazi wa bweni asiyeijua hiyo stori. Mwalimu akinusa petroli kwa domu, au akidokezewa kuna kisu au bangi, asachi, asachi saa hiyo hiyo hata ikiwa saa nane za usiku, na mimi nitamshukuru.

Shida yangu ni ile sachi nyingine, ya mazoea. Msichana wangu akiwa kidato cha pili, wako darasani katikati ya muhula, mwalimu wa zamu na maprefekti wakaingia domu wakavunja makufuli, watoto waliporudi wakakuta maboksi yamepinduliwa kwa sakafu, pedi na chupi zimetapakaa, sukari imemwagikia shuka, na daftari lake analoandikia mambo yake ya ndani liko mikononi mwa prefekti anawasomea wengine kwa sauti wanacheka. Wametafuta nini? Biskuti na mkate wa kutoka nje! Nilipopiga simu shuleni nikaambiwa mama huo ndio utaratibu wetu, nikauliza umeandikwa wapi, simu ikakatwa. Mtoto alimaliza muhula akilala na hilo daftari ndani ya foronya, na mpaka leo haandiki tena.

Na huyo wangu ana nafuu. Kuna watoto bweni wanaomeza ARV, zile dawa za virusi vya ukimwi, Mheshimiwa, na wengi wao hakuna anayejua isipokuwa matroni na mzazi, kuna wanaotoa vidonge kwa kopo lake na kuvifunga kwa karatasi ndani ya soksi ili visilie wakifungua boksi. Sasa aje prefekti wa miaka 16, ainue hiyo soksi mbele ya domu nzima aulize hizi ni za nini. Unadhani huyo mtoto atameza dawa jioni hiyo? Atazitupa chooni. Na tuna sheria ya ukimwi ya mwaka 2006 ambayo inalinda siri ya hali ya mtu, ila kwenye sachi ya boksi hakuna anayeikumbuka.

Katiba yetu ya 2010 Kifungu cha 31 inasema kila mtu ana haki ya faragha, asipekuliwe mwili wala nyumba wala mali yake, na mambo yake ya kibinafsi yasianikwe bila sababu. Imesema kila mtu, haijasema kila mtu aliyemaliza shule. Kifungu cha 24 kinasema haki kama hiyo haiwezi kupunguzwa ila kwa sheria, tena kwa kiasi kinachofaa, na mimi sioni jinsi mazoea ya dipti, yaani naibu wa mwalimu mkuu, yanavyogeuka kuwa sheria. Marekani walishabishana haya mahakamani kitambo, 1985 mahakama ya juu ikasema shule haihitaji kibali kama polisi lakini lazima iwe na sababu ya maana ya kumshuku huyo mwanafunzi, na sachi isipite kiasi, halafu 2009 ikasema shule moja ya Arizona ilivunja haki ya msichana wa miaka 13 ilipomvua hadi nguo za ndani ikitafuta vidonge vya maumivu. Sisemi tuige kila kitu chao, lakini angalau huko mwalimu anajua mpaka uko wapi.

Ninachoomba si kigumu. Boksi lifunguliwe mwenyewe akiwepo, msichana asachiwe na mwalimu wa kike, mahali pa faragha, na prefekti asiguse boksi la mwenzake hata kidogo (hili ndilo kubwa kwangu, mnawapa watoto nguvu juu ya siri za watoto wenzao halafu mnashangaa uonevu unatoka wapi). Barua na shajara zisisomwe. Dawa zote zipitie kwa matroni au nesi kimya kimya. Sababu ya sachi iandikwe kwa kitabu, na kilichochukuliwa kiandikwe pia, mzazi apigiwe simu. Hata simu za watoto, tunajua zimekatazwa, basi zichukuliwe zirudishiwe mzazi, hii tabia ya kuzivunja na kuzichoma paredi mbele ya shule nzima ni kuharibu mali ya mtu na hao hao walimu ndio wa kwanza kuwakataza watoto wasichezee moto.

Waraka mmoja wa kurasa mbili unatosha, utumwe kwa walimu wakuu na bodi zote na nakala ipewe mzazi pamoja na ile orodha ya shopping, ili siku nyingine nikiuliza umeandikwa wapi nionyeshwe.

Wako,
Mzazi wa wanafunzi wawili wa bweni