Somo, usilisingizie dubwi

Shangani, Mtwara

Somo yangu,

Salaam aleikum. Sisi wazima, watoto wazima, na nyinyi huko Lindi tunawaombea uzima. Najua nimekaa kimya tangu mvua zianze, usinune. Ujumbe wako wa sauti wa dakika kumi na moja umefika wote, mpaka pale ulipomtukana yule kijana wa mapokezi ukidhani umeshakata.

Ama baada ya salamu. Nilivyokuelewa, ile hoteli ya kasino ya huko Dar umelala siku tatu, umelipa pesa ya maana, umerudi na mambo manne: kiyoyozi kinavuma bila baridi, bafu linanuka, maji ya moto dakika tano yamekwisha, na dubwi, ile mashine ya kamari ya kubonyeza, limekula laki moja na ishirini. Halafu baada ya kulaani weee, mwishoni unanituma nikutafutie mtu wa madubwi mawili uyaweke kwenye nyumba yako ya wageni pale Mikumbi! Mama Salma anauliza kama ulirudi na akili yako yote au nayo waliishika kama dhamana.

Nianze na hilo dubwi, maana ndilo lililokuuma. Halikukuibia. Piga hesabu: ukibonyeza mara 10 kwa dakika, kila mara shilingi 200, kwa saa moja umezungusha 120,000, hata kama uliingia na 20,000 tu mfukoni, kwa sababu kila linachokutemea unakirudisha mdomoni mwake. Tuseme limepangwa kurudisha 90 katika kila 100. Basi saa hiyo limebaki na 12,000. Jioni tatu, kwa muda wa saa tatu na kitu kila jioni, laki na ishirini hiyo hapo. Na habari ya "lilikuwa karibu kutema" iache kabisa. Kila ukibonyeza, mashine inachagua upya, haikumbuki kama umeliwa mara mbili au mara mia mbili. Picha mbili kulingana na ile ya tatu kupitiliza kidogo tu ni ya kukukalisha kitini. Hata lile gurudumu la ruleti ulilolisifia lina namba 37, kuanzia 0 mpaka 36, lakini ukipatia namba moja wanakulipa 35 kwa 1. Ingekuwa haki wangelipa 36. Pengo hilo dogo ndilo linalolipa taa zote zile.

Kwa hiyo dubwi lilifanya kazi yake. Chumba ndicho hakikufanya, na chumba ndicho ulichokilipia. Kelele zako zote ungezielekeza huko.

Tena naona vyumba vyako sita vinaelekea hukohuko, ndiyo maana naandika kirefu.

Kiyoyozi. Kinachopuliza bila kupoza kina sababu chache tu, na fundi anayekimbilia "gesi imeisha" kabla ya kufungua kitu, mlipe soda aende. Gesi haiishi kama ya jikoni. Inazunguka humohumo miaka nenda rudi. Ikipungua, pana tundu, na mara nyingi ni kwenye zile nati za mabomba ya shaba. Paka povu la sabuni, tazama linapochemka. Ukijaza bila kuziba, baada ya miezi mitatu unajaza tena. Ila kabla ya gesi anza na chujio: fungua kifuniko cha mbele, livute, lioshe kwa maji, likauke kivulini. Kila wiki mbili wakati wa wageni wengi. Kisha nenda nje usikilize. Feni ya nje inazunguka lakini kompresa, ile pampu ya gesi, haingurumi? Shuku kapasita kwanza, kifaa cha bei ndogo kinachoisukuma kompresa iwake, na watu wanauziwa mashine nzima kwa sababu yake. (Asiiguse mtu kwa mkono hata umeme ukiwa umezimwa, inatunza chaji.) Mwisho shika bomba nene: linatakiwa liwe baridi na lenye jasho. Likiwa na barafu, ama chujio limeziba ama gesi imepungua.

Kwa vyumba vyako vya mita tatu na nusu kwa nne, mashine ya BTU 9,000 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kupoza) inatosha upande wa asubuhi. Vile viwili vinavyopigwa na jua la jioni weka 12,000. Na usiwaache wageni wakiweka 16 wakidhani itapoa upesi zaidi. Kasi ni ileile, ila tu mashine haipumziki.

Bafu kunuka ni jambo dogo mno, ndiyo maana linaniudhi hoteli kubwa ikilishindwa. Chini ya kila tundu la maji kuna kona ya bomba inayoshika maji kama sentimita 5, hayo ndiyo yanayozuia harufu ya shimo isipande. Chumba kikikaa wiki mbili tatu bila mgeni, yanakauka. Dawa ni nusu ndoo ya maji kwenye kila tundu, na kwa chumba kitakachokaa kitupu muda mrefu ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake, yatachelewa kukauka. Ikinuka tena siku hiyohiyo, basi bomba la kupumulia, lile linalotoa hewa ya shimo juu ya paa, limeziba au fundi hakuliweka kabisa, na kila choo kikivutwa yale maji yananyonywa. Hapo ndoo haisaidii.

Maji ya moto: kihita cha lita 30 chenye wati 1,500 kinachukua kama dakika 45 kupasha maji yetu haya mpaka nyuzi 60. Akioga mmoja kwa kujimwaga, wa pili anakuta vuguvugu. Hiyo si hitilafu, ni udogo, mwambie mgeni mapema. Hitilafu ni pale kinapochukua saa mbili. Kwa maji ya kisima yenye chokaa, koili, ule waya wa ndani unaopasha maji, inajivika gamba jeupe kama sufuria ya chai ya msibani. Ifunguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Vitundu vya bomba la mvua navyo vikiziba, lilaze kwenye siki usiku mmoja. Kasi ya maji usiitafute kwenye bomba la bei kali: tangi likiwa mita 3 tu juu ya kichwa cha mwogaji, nguvu ni ya mita 3, hata uweke bomba la dhahabu.

Narudi kwenye kiyoyozi, nimesahau kubwa. Mashine zako za nje umezining'iniza upande wa bahari! Kusi ikivuma, chumvi yote inaishia kwenye yale mapezi ya alumini, na baada ya misimu michache yanamomonyoka kama mkate mkavu. Zihamishie upande wa uani au uzijengee ukuta wa kuzikinga, lakini uziachie nafasi ya kupumua, kisha uzioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila mwezi. Na umeme ukikatika ukarudi, kompresa isubiri dakika tatu mpaka tano kabla ya kuwaka. Nunua vile vilinda umeme vyenye kuchelewesha, kimoja kila chumba.

Madubwi sikutafutii. Kwanza yanataka leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, si makubaliano ya baraza. Sheria ni ya mwaka 2003 na walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kucheza, na nyumba yako mchana kutwa ni watoto wa wale wa harusi. Pili, mtu wa dubwi hanunui hata chai. Pesa hiyohiyo inahamisha mashine zako zote sita za viyoyozi na chenji inabaki.

Hotelini kwingine popote, kabla hujasaini: washa kiyoyozi, fungua maji ya moto, inua godoro umulike mishono uone kama kuna vidoa vyeusi vya kunguni. Dakika kumi na tano baadaye rudi uguse upepo. Hapo bado una nguvu ya kuomba chumba kingine.

Sasa niambie. Lile bomba la kupumulia vyoo vyako, fundi alilitoa juu ya paa au aliliishiza darini? Maji ya kisima chako bado yana munyu? Mjomba ameshakubali tarehe au anaendelea kutuzungusha? Risiti ya hoteli unayo, au nayo uliiacha mezani? Na ming'oko huko imeanza kuchimbwa? Kama imeanza, mpe dereva wa kwanza anayeshuka Mtwara, nitamlipa hapa stendi.

Nikipata jibu la hilo bomba nitakuja na ngazi yangu.

Somo yako