Kinga haiuzwi kwenye chupa

Mhariri, naomba nafasi. Juzi kwenye daladala ya Mbagala jamaa kapanda na chupa za elfu tano eti zinaongeza kinga ya mwili, watu wakanunua, mama mmoja mpaka hela ya mboga katoa, iliniuma sana.

Jamani kinga sio maji ya kujaza kwenye tanki. Mwanangu alijikata goti na bati, nikamkimbiza kuchomwa sindano ya pepopunda, siku ya tatu kidonda kikatoa usaha mzito wa njano, sasa ule usaha sehemu kubwa ni chembe nyeupe za damu zilizokufa zikipigana na bakteria, hizo ndo zinawahi kufika. Zingine zinachelewa siku kadhaa ila zinatengeneza kingamwili, yaani protini za kumnasa adui, na zinamkumbuka, chanjo inatumia kumbukumbu hiyo hiyo.

Na kinga ni kitu cha kale mno kwa viumbe, mwaka 1882 mwanasayansi Metchnikoff akiwa Messina, Italia, alichoma miiba kwenye watoto wa kiti cha pweza, kesho yake akakuta chembe zimeizunguka, yaani mpaka viumbe wa baharini wanayo!

Redio zetu zitueleze haya asubuhi, foleni ya Kilwa Road tunasikiliza wote.

Msomaji, Mbagala