Ledley King hakupotea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimtetee mtu asiyenijua na ambaye hatanijua. Toleo lenu la Jumamosi iliyopita, kwenye kurasa za michezo, lilikuwa na orodha ya wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza mliowaita vipaji vilivyopotea. Wa tatu kwenye orodha hiyo ni Ledley King, aliyekuwa beki wa kati wa Tottenham Hotspur, wanaoitwa kwa kifupi Spurs. Maelezo yake yamekuwa mistari miwili: alikuwa majeruhi wa kudumu, akastaafu mapema. Basi.

Kwa kawaida gazeti lenu nalisoma la kuazima, kijiweni hapa Muheza, jirani na wanapopakia machungwa. Toleo hilo nililinunua nikaenda nalo nyumbani. Nilicheza beki wa kati kwa miaka tisa, ligi ya wilaya na msimu mmoja wa mkoa, na leo nawafundisha vijana wa chini ya miaka 17 kwenye uwanja wa shule. Neno "alipotea" limeniuma, nami nataka kueleza ni kwa nini.

Kwanza hesabu, maana mwandishi wenu hakuziweka. King alicheza mechi 323 katika timu ya wakubwa ya Spurs na kufunga magoli 14. Aliingia kwa mara ya kwanza Mei 1999, Anfield, dhidi ya Liverpool, akiwa na miaka 18. Akatundika daluga Julai 2012 akiwa na 31. Katikati ya hapo hakuvaa jezi ya klabu nyingine hata siku moja. Timu ya taifa ya Uingereza aliichezea mara 21. Mtu aliyepotea hachezi mechi 323.

Wasomaji vijana huenda hawajui alipokea nafasi ya nani. Sol Campbell alikuwa nahodha wa Spurs, mkataba wake ukaisha mwaka 2001, akavuka barabara kwenda Arsenal, mahasimu wakubwa, bila klabu yake kupata hata senti. Mashabiki wa Spurs kidonda hicho wanacho mpaka leo. Aliyebaki kuziba pengo lile ni kijana wa mashariki ya London, mwenye miaka 20, ambaye mpaka hapo alikuwa amechezeshwa zaidi kama kiungo. Desemba 2000, akiwa bado kiungo, alikuwa amefunga goli ugenini kwa Bradford sekunde kama kumi tu baada ya filimbi ya kwanza, na rekodi ile ya goli la haraka zaidi kwenye Ligi Kuu ilikaa hadi 2019 alipoivunja Shane Long. Lakini magoli hayakuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa ile ambayo magazeti, likiwemo lenu, hayaipigi picha.

Niruhusu nieleze tukio moja, na nitakaa nalo kidogo.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 5 Novemba 2006. Spurs wanacheza na Chelsea nyumbani kwao, White Hart Lane. Mimi nilikuwa kibanda umiza, lile banda la kutazamia mpira, nimekaa kwenye benchi la mwisho kwa sababu goti langu linahitaji mahali pa kunyooka. Mpira ukamfikia Arjen Robben, yule winga Mholanzi, na wakati ule duniani waliokuwa wakikimbia na mpira kama yeye walikuwa wa kuhesabu. Akatoka. Mbele yake amebaki kipa Paul Robinson peke yake. Kibandani watu wa Chelsea walishasimama.

King alikuwa nyuma. Alikimbia, na unapomtazama unaona hakimbii kumfuata Robben, anakimbilia mahali ambapo Robben atafika. Vijana wangu huwa nawaambia hivi: mtu anayekimbia na mpira, kila baada ya hatua chache mpira unamtoka mguuni kidogo, na beki hana nafasi nyingine zaidi ya hiyo. Ukiwahi, umepigwa chenga. Ukichelewa, ni penalti na kadi. King alisubiri wakati mwili wote unakwambia usisubiri. Ndani ya boksi, Robben akiwa anajiandaa kupiga, mguu ukanyooka, mpira ukaondoka, mtu akabaki hana mpira. Refa hakupiga filimbi kwa sababu hakukuwa na cha kupigia filimbi.

Kibandani pakawa kimya. Kisha mzee mmoja shabiki wa Chelsea, aliyekuwa amekaa mbele yangu, akapiga makofi peke yake. Sijawahi kuona tena mtu akimpigia makofi beki wa timu pinzani kwenye kibanda umiza. Spurs walishinda 2-1, na walikuwa hawajawafunga Chelsea kwenye ligi tangu 1990.

Thierry Henry wa Arsenal, aliyewatesa mabeki wote wa Uingereza, aliwahi kumsifu King kwa jambo hilohilo: kwamba hakushiki jezi, hakuvuti, na bado mpira anakunyang'anya. Mimi nilicheza beki na nilivuta jezi nyingi. Najua kukaba bila kumshika mtu kunataka akili ya namna gani.

Sasa tuje kwenye goti, maana ndilo lililompeleka kwenye orodha yenu.

Goti la kushoto la King lilikwisha gegedu, ile tishu inayozuia mifupa isisuguane. Harry Redknapp, aliyemfundisha kuanzia 2008, alilieleza mara nyingi kwa waandishi: hakuna cha kufanyia upasuaji, ni mfupa juu ya mfupa. Baada ya mechi goti linavimba, na linahitaji siku nyingi kutulia. Kwa hiyo klabu ikafanya uamuzi ambao sijausikia kwa mchezaji mwingine wa kiwango kile. King hafanyi mazoezi na wenzake. Wiki nzima wenzake wako uwanjani wanakimbizana, yeye yuko kwenye bwawa la kuogelea na vyombo vya mazoezi, analilinda goti. Siku ya mechi anavaa jezi, anaingia, anakaba dakika 90, kisha anaanza tena kuliuguza.

Fikiria maana yake, Mhariri. Beki anaishi kwa mazoea na wenzake. Unajua beki wa pembeni atapanda saa ngapi, unajua kipa wako anatoka au hatoki. Hayo yote hujengwa mazoezini. King aliyafanya bila mazoezi, kwa kusoma mchezo tu na kwa kuwa wenzake walimwamini.

Na hakuwa anasindikizwa. Tarehe 24 Februari 2008 alikuwa ndani ya uwanja wa Wembley, fainali ya Kombe la Ligi, amesimama na Jonathan Woodgate katikati ya ulinzi dhidi ya Chelsea. Drogba wa Chelsea akafunga kwa faulo, Berbatov wa Spurs akasawazisha kwa penalti, Woodgate akamaliza kwa kichwa katika dakika za nyongeza. Kombe lile King alilinyanyua pamoja na Robbie Keane, na Spurs hawakunyanyua jingine mpaka 2025. Miaka miwili baadaye, Mei 2010, alikuwa uwanjani Manchester siku mwenzake Peter Crouch alipowafunga Manchester City 1-0 na Spurs wakaingia Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza tangu mashindano yale yabadilishwe jina. Msimu ule wa ligi alicheza mechi 20. Mechi 20 za mtu asiye na gegedu.

Juni mwaka huohuo Kombe la Dunia likaja Afrika Kusini, na King akapangwa kuanza mechi ya kwanza ya Uingereza dhidi ya Marekani, pale Rustenburg. Nilimwona akiimba wimbo wa taifa nikafurahi kana kwamba ni mdogo wangu. Mapumziko hakurudi. Ilikuwa misuli ya kinena, hata goti lenyewe halikuhusika. Akaingia Jamie Carragher, na King hakuichezea Uingereza tena. Hapo nakubaliana na mwandishi wenu kwamba kuna kitu kilikosekana. Mguu mzima, mtu huyu angecheza mara nyingi zaidi ya 21. Lakini kukosa na kupotea ni mambo mawili.

Na hapa naomba niseme langu, kwa kifupi.

Mwaka 2001 goti langu la kulia lilivimba wiki tatu kabla ya nusu fainali. Kiongozi mmoja wa timu alikuja na mtu mwenye sindano. Tulikuwa tunabadilishia nguo kwenye darasa la shule, nikakaa juu ya dawati, nikachomwa pale pale pembeni ya goti. Nilicheza dakika 70 bila kusikia chochote, na nilijiona shujaa. Usiku sikuweza kugeuka kitandani. Nikalala ndani miezi miwili, na kutoka kwenye timu hakuna aliyefika kunijulia hali, wala yule aliyeleta sindano. Nilikuwa na miaka 27. Sikucheza tena. Leo siwezi kuchuchumaa, siwezi kupanda ngazi kuchuma machungwa ya kwangu mwenyewe, nawalipa vijana wanichumie. Msikitini nasali kwenye kiti.

Siliandiki hili kutafuta huruma. Naliandika kwa sababu goti langu siku ile lilikuwa na hali nafuu kuliko la King. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na watu waliokaa chini wakauliza: goti hili linaweza nini, na haliwezi nini? Kisha wakampangia kazi kufuatana na jibu. Mimi niliulizwa swali moja tu, kama nataka fainali au sitaki. Kama gazeti lenu linataka kuandika juu ya vipaji vilivyopotea, viko vingi kwenye viwanja vyetu vya wilaya, na havikupotezwa na ugonjwa.

Nina kijana kwenye timu yangu, ana miaka 16, beki wa kati, mrefu, mtulivu, hapigi kelele. Tangu mwaka jana goti lake linavimba akikimbia sana kwenye uwanja wetu mgumu. Nilimpeleka hospitali, daktari akasema apunguze kukimbia na aimarishe misuli ya paja. Bwawa la kuogelea hatuna. Nikaazima baiskeli. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa wenzake wanafanya mazoezi, yeye anaendesha baiskeli taratibu barabara ya kuelekea Amani, sehemu ya tambarare, anarudi, anakaa pembeni ya uwanja na kazi yake ni kuniambia mstari wa mabeki umekosea wapi. Jumamosi anacheza.

Wazazi wa wenzake walilalamika. Mmoja alinifuata mpaka nyumbani: "Kocha, huyu mbona hafanyi mazoezi na kila Jumamosi anapangwa? Mwanangu anatoka jasho wiki nzima anakaa benchi." Ni malalamiko ya haki, sikumkasirikia. Nilimkaribisha chai, nikamsimulia habari za Ledley King kuanzia Bradford mpaka Rustenburg. Kisha nikawasimulia vijana wote, kwenye nyasi, kijana mwenyewe akiwepo. Niliwaonyesha ile ya Robben kwenye simu, ikazunguka mkono kwa mkono. Tangu siku hiyo wenzake wanamwita King, na ameacha kuona haya kuendesha baiskeli wakati wengine wanakimbia.

Jumamosi iliyopita, kabla ya mechi, alikuja na ukurasa wa gazeti lenu, amekunja vizuri ndani ya kitabu. Akanionyesha picha, kisha akaweka kidole kwenye kichwa cha habari. "Kocha," akasema, "kumbe na huyu alipotea?"

Nilimwambia gazeti limekosea na kwamba nitamwandikia mhariri. Alicheza vizuri siku ile, lakini nilimwona mara mbili anaangalia goti.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mrekebishe. Mechi 323, magoli 14, klabu moja, Kombe la Ligi la 2008, mara 21 timu ya taifa, na goti moja zima. Nafasi ya mistari miwili inatosha, ilimradi itoke ukurasa uleule wa michezo siku ya Jumamosi, kwa sababu siku hiyo ndiyo huwa anapita kijiweni kusoma kabla ya kuja uwanjani.

Wako katika michezo,

Beki mstaafu,
Muheza, Tanga