Mpira wa mkojo haufuati tarehe ya kliniki

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Ukurasa wenu wa afya ulieleza vizuri habari za tezi dume, lakini ulipofika kwa mgonjwa anayekaa na mpira wa mkojo, ule mrija unaoingizwa kibofuni kutoa mkojo, ukapita mbio: mpira hubadilishwa kila baada ya wiki 4, basi. Mimi ni fundi cherehani, si daktari wala muuguzi. Ila mpira huo nalala nao chumba kimoja tangu 2019, na hizo wiki 4 nina neno nazo.

Mume wangu alikuwa mkwezi. Mnazi uliomwangusha alikuwa akiupanda tangu kijana. Siku hiyo kuti alilolishika likachomoka, akaja nalo chini. Uti wa mgongo uliumia usawa wa chuchu, na kuanzia hapo kushuka chini hana habari, hata kibofu kikijaa hajui. Akatoka hospitali na mpira namba 16 (namba ni unene wake), ule wenye mdomo wa rangi ya machungwa, pamoja na karatasi ya kurudi baada ya wiki 4.

Hazikutimia. Usiku wa siku ya 24 aliniamsha akisema kichwa kinapasuka. Nikawasha tochi ya simu, nikamkuta jasho linamtiririka usoni na shingoni kama mtu aliyetoka kuchimba kisima, na miguu yake mikavu, ya baridi. Nikampa panadoli. Mfuko unaopokea mkojo niliutazama pia, mkojo ulikuwa ule ule wa saa mbili, haujapanda hata kidole kimoja, lakini sikujua kama hayo mawili yana undugu. Zahanati tuliyofika kwanza wakapima presha, namba ya juu 190, wakatupa vidonge na kutuambia turudi asubuhi. Mpwa wangu mvuvi ndiye aliyekataa. Tukamlaza kwenye mashua yake, tukavuka mto.

Ng'ambo tukamkuta Sista mmoja mtu mzima. Hakuuliza kichwa. Aliweka kiganja chini ya kitovu, akabonyeza kidogo, akasema, "Huyu kajaa mkojo." Akautoa mpira, akaweka mpya, na mkojo ukatoka zaidi ya lita nzima. Presha ikawa inashuka huku tunaitazama kwenye mashine.

Alinieleza baadaye, na hili naomba mlichape kama lilivyo. Mtu aliyeumia uti wa mgongo kuanzia katikati ya kifua kwenda juu, kibofu kikijaa yeye hasikii, lakini mwili wake unasikia, na unapandisha presha kiasi cha kuweza kumpasua mshipa wa kichwani. Akiumwa kichwa ghafla na jasho likamtoka, mkalisheni wima, mlegezeeni nguo, kisha shukuni mpira kabla ya kushuku kitu kingine. Si jambo la kungoja asubuhi.

Halafu akachukua wembe, akaupasua ule mpira wa zamani kwa urefu. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe unaokwaruza, kama ule wa ndani ya birika la chai, na kwenye ncha, pale penye tundu, umeganda kabisa. Nikalaumu kisima chetu, maana maji yake ni ya chumvi. Sista akacheka. Si kisima, mama. Mpira ukishakaa mwilini mwezi mmoja, karibu kila mtu mkojo wake huwa na vijidudu. Wengi hawana neno. Wako wengine, na mabingwa wao wanaitwa Proteus, wanaoivunja urea iliyomo kwenye mkojo wakatoa amonia. Ndiyo ile harufu ya zizi la mbuzi. Mkojo unapoteza ukali wake wa asidi, na chumvi zilizokuwa zimeyeyuka zinajitenga na kung'ang'ania ndani ya mpira. Kwa wanaokaa na mpira muda mrefu, kama nusu yao hupatwa na kuziba huku.

Sasa hapo ndipo ninapotofautiana na wiki 4 zenu. Sista alinipa kazi moja: nunua daftari. Andika siku mpira ulipowekwa na siku ulipoziba, mara tatu mfululizo. Nikaandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja wangu, mahali pa kiuno na bega: siku 24, siku 19, siku 22. Akatazama akasema, basi huyu tutambadilishia siku ya 16, kabla haujaamua wenyewe. Kuna mgonjwa mwingine hapa kijijini, mzee wa tezi dume, wa kwake wa silikoni unafika wiki 12 bila kunung'unika. Kumleta kila mwezi ni kumtesa bure. Na wangu ukimwambia mwezi, unamwambia akazibe.

Kwanza tulikuwa na ule uliotengenezwa kwa mpira wa njano, baadaye tukapata wa silikoni, unaopenyesha mwanga. Namba ni ile ile lakini ukuta wake ni mwembamba, kwa hiyo njia ya ndani ni pana zaidi. Unaziba nao, msidanganywe, ila unachelewa.

Vita kubwa nyumbani kwetu ilikuwa maji ya kunywa. Mume wangu alikuwa anakunywa kikombe kimoja asubuhi na kimoja usiku, kwa hesabu yake mwenyewe. "Nikinywa, mama watoto, mfuko si utajaa mbele za watu barazani?" Ni aibu, siyo ukaidi, na sikulijua hilo mpaka aliposema. Nikamshonea mkoba wa kitambaa cha shuka la zamani, unafungwa mguuni chini ya msuli, mfuko unaingia humo na hauonekani. Tangu hapo anamaliza chupa ya lita moja na nusu kabla ya alasiri, na nyingine kidogo kidogo, kwa sababu mkojo mwepesi hauna chumvi nyingi ya kugandisha. Namkamulia ndimu ndani yake. Ile asidi ya ndimu inashikana na chumvi kabla hazijagandana, lakini ndimu bila maji mengi ni kachumbari tu.

Niseme pia kwamba si kila mpira usiotoa mkojo umeziba. Nimeshakimbia zahanati mara mbili, na zote mbili muuguzi alitoa kosa bila hata kuvaa glavu: mara ya kwanza mrija umejikunja chini ya paja, mara ya pili mjukuu kaweka kigoda juu yake. Sasa naufuata mrija kwa vidole kuanzia mwilini mpaka mfukoni kabla ya kupiga kelele. Mfuko unaning'inia kwenye ndoano ubavuni mwa kitanda, chini ya usawa wa kibofu, haugusi sakafu, naumwaga haujajaa. Na choo. Tumbo likifunga, uchafu mgumu unaubana mpira kwa nyuma, mkojo unapita pembeni na kulowesha godoro, na mtu unadhani mpira ni mbovu. Papai limetusaidia kuliko nilivyotarajia.

Kufunga tumbo huko kulituletea kisa kingine. Asubuhi moja mfuko ulikuwa wa zambarau. Zambarau kweli, kama umechovywa kwenye rangi ya ukili. Jirani akaona, kabla ya adhuhuri mtaa mzima umeshajua karogwa na nani. Sista akasema hutokea: chakula kikikaa sana tumboni, na mkojo ukiwa na wale vijidudu, hutengenezwa rangi inayong'ang'ania plastiki. Tukabadilisha mpira na mfuko, tukalifungua tumbo, zambarau ikaondoka. Jirani bado ananitazama kwa jicho la huruma.

Dawa za vijidudu nazo nilizinunua sana duka la dawa, kila mkojo ulipokuwa na ukungu. Pesa ilikwenda. Ukoko ni chumvi, kidonge hakiuyeyushi, na vijidudu vilivyojificha kwenye utelezi wa mpira vinajifunza kuizoea dawa. Homa, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hizo ni habari nyingine, hospitali siku hiyo hiyo. Ukungu peke yake ni maji na ndimu. Kuupuliza mpira ulioziba kwa sindano ya maji nyumbani tulikatazwa, ukiziba, unatolewa.

Mwaka wa tatu mpira ukaanza kuziba hata kabla ya siku ya 16. Sista akashuku jiwe, kwa sababu vipande vya ukoko vinaweza kubaki kibofuni mpira unapotolewa, na kila kipande kinakua. Tukaenda mjini kupigwa ultrasaundi. Lilikuwapo, ukubwa wa kokwa ya ukwaju, na walipolitoa daftari likabadilika: 31, 34, 30. Sasa tunabadilisha siku ya 25. Nawasihi wenzangu ambao mpira wa mgonjwa wao unaziba kila mara na wanaambiwa ndivyo ulivyo: ombeni kibofu kitazamwe.

Ninachotaka kwenu, Mhariri, ni ukurasa mzima juu ya jambo hili, na muulize wahusika kwa nini kadi ya mgonjwa ina nafasi ya tarehe ya kurudi lakini haina nafasi ya kuandika mpira uliziba siku ya ngapi. Muulize pia kama zahanati za upande wetu wa mto zinaweza kuwekewa mipira ya namba 14 na 16 miwili mitatu, na mtu mmoja wa usiku anayejua kuiweka. Mpwa wangu amehamia Mafia na mashua yake.

Sista naye amestaafu, lakini simu yangu hupokea. Leo Jumanne ni siku ya 19. Jumatatu tunavuka.

Fundi cherehani,
Pwani ya Tanga