Picha za Mwanao Zimekatwa Vichwa, na Pesa Haturudishi

Haipiti wiki mbili bila ujumbe huu kuingia: "Tumelipia darasa la picha na kazi za mikono, mtoto karudi na picha za miguu ya meza." Wa juzi aliongeza kwamba tumemwibia. Yeye nilimjibu kwa adabu, faraghani. Hapa najibu kwa kirefu, maana swali ni la wengi.

Macho ya mtoto wa miaka minne hayafiki mita moja kutoka sakafuni. Kwake meza ni paa. Akiinua kamera anapiga anachokiona: magoti, uvungu wa kiti, mkia wa paka anayekimbia. Vichwa vyenu viko juu huko, havimhusu. Mwalimu angeweza kumshika mkono na kumwelekezea, picha ingetoka imenyooka, na ingekuwa picha ya mwalimu. Sisi tunamfundisha matatu tu: avae kamba ya kamera mkononi, kidole kisizibe lenzi, na jua alipe mgongo. Mengine ni yake.

Kazi yenyewe iko kwenye kuchagua. Picha zote tunazichapa ndogondogo kwenye karatasi moja, mtoto anazungushia kalamu nyekundu sita anazotaka zisafishwe, kisha anazikata na kuzibandika kwenye kadibodi anavyopenda. Kwenye kuchagua peke yake saa nzima huisha, na bei yetu iko hapohapo. Ukikaa pembeni utasikia: "Hii, kwa sababu kivuli changu kimenizidi urefu." Watoto ni sita kwa mwalimu mmoja, wa saba hatumpokei. Wanaosema duka la kusafisha picha linatoza robo ya bei yetu wanasema kweli. Duka linauza karatasi.

Sasa njia ya mkato inayoniumiza kichwa: mzazi kutangulia kuchagua. Mama mmoja alirudi nyumbani na kamera yetu mwisho wa wiki, akafuta picha zote alizoona mbovu, akabakiza kumi na moja. Alitaka kutuokolea muda. Mtoto alipoletewa karatasi aliipekua juu chini, akauliza iko wapi ya mikono ya bibi akishona kifungo. Nilijaribu kuirudisha kutoka kwenye memori kadi, lakini mama alikuwa ameshapiga nyingine na kadi imeandikwa juu yake. Niliambulia nusu picha, chini kijivu kitupu. Somo likarudiwa siku nyingine, na ndiyo, nilitoza tena. Mtoto aliibandika ile nusu na kuichorea vidole vilivyobaki kwa penseli.

Wengine hututumia picha kwa WhatsApp kisha wanataka bango la A3, yaani ukubwa wa karatasi mbili za A4. A3 iliyosafishwa vizuri, nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli, vile vidoti vinavyounda picha, kama 3508 kwa 4961. WhatsApp huibana picha njiani, na tukiivuta mpaka A3 inatoka ukungu, lawama zinakuja kwetu. Itume kama faili, au lete kadi.

Halafu gundi. Tunatumia nyeupe ya maji, tena nyembamba, nyuma ya picha tu, kwa sababu ikigusa uso wa picha ya wino wa maji rangi hukimbia. Inachelewa kukauka, najua. Baba mmoja mwenye haraka alikuja kumchukua binti yake, akamkuta kondoo wa kadibodi bado anapukutika pamba. Akatoa supa glu mfukoni. Gundi ile ikikutana na pamba hushika joto kali. Moshi ulifuka, kidole kikaungua, na kondoo akabaki na upara mgumu kama kokoto. Binti ndiye aliyembembeleza baba.

Kuna watoto wasioitaka kamera kabisa. Hao tunawapa karatasi ya bluu ya jua, ufundi ambao mwanasayansi Mwingereza John Herschel aliuvumbua mwaka 1842, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Anna Atkins alikuwa tayari anautumia kuchapa maumbo ya mwani bila kamera yoyote. Mtoto anapanga majani juu ya karatasi, anaianika juani, anaiosha kwa maji; palipofunikwa panabaki peupe. Inayoharibika mara nyingi imeharibiwa na mzazi aliyeinua jani kuchungulia.

Kwa hiyo kamera ikitoka kwetu, kadi irudi kama ilivyo, na zile za ukungu zikiwemo. Na wewe uliyedai pesa zako: karatasi ya mwanao bado iko mezani kwangu. Miguu ya meza ameizungushia nyekundu mara mbili. Tunafunga saa kumi na moja jioni, mje naye.