Risala ya Wasaidizi wa Kisheria wa Mbagala kwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Temeke

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Temeke,
Msajili Msaidizi wa watoa huduma za msaada wa kisheria katika wilaya yetu,
Waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa mitaa, watendaji wa kata na mitaa,
Viongozi wetu wa dini, wajumbe wa mashina, walimu mliotupa uwanja huu,
Ndugu wananchi,

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha salama, na tunakushukuru wewe kwa kuacha majukumu mengi ya wilaya na kuja Mbagala kuwakabidhi vyeti wenzetu waliomaliza mafunzo ya usaidizi wa kisheria. Utakaowapa mkono leo ni mama lishe, fundi cherehani, mwalimu mstaafu, dereva wa bajaji na vijana waliomaliza kidato cha nne. Hakuna wakili kati yao, na sheria haikuwataka wawe mawakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndiyo iliyotutambua rasmi na kutuwekea mipaka. Tunatoa elimu ya sheria, tunamwelekeza mtu chombo sahihi cha kupeleka shauri lake, tunamsaidia kufuatilia nyaraka anazohitaji, na tunawashauri wanaogombana wapatane pale inaporuhusiwa. Kusimama mahakamani kumwakilisha mtu haturuhusiwi, na huduma yetu ni bure. Tunaomba wananchi mliopo mlisikie hili la bure, maana kuna watu wanaopita mitaani kwa jina letu wakidai hela ya fomu. Hao si wenzetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tukisema watu wa Mbagala hawana msaada wa kisheria tutakuwa hatusemi kweli. Msaada upo. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, kina ofisi Ilala. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC, vinapokea watu Kinondoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kamati ya msaada wa kisheria. Chama cha Mawakili Tanganyika kina mawakili wanaojitolea, na katika Wiki ya Sheria mwananchi anaweza kukaa na wakili na kuulizia jambo lake bila kulipa. Hapa Temeke kwenyewe tuna Kituo Jumuishi cha mahakama kinachoshughulikia ndoa na mirathi, ambako Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya na Mahakama Kuu ziko mahali pamoja. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, nayo imewafikishia mawakili watu ambao hawakuwahi kuzungumza na wakili maishani mwao.

Kinachotuumiza ni kwamba watu wetu wanafika kwenye msaada huo wakiwa wamechelewa. Ukituuliza tumejifunza nini katika kazi hii, jibu letu ni hilo. Tunapokea watu wenye haki kabisa ambao siku zao zimeshapita.

Chukua vijana wetu wa viwandani, wa Chang'ombe, Kurasini na Barabara ya Nyerere. Kijana anaachishwa kazi kwa maneno ya mdomo. Wiki ya kwanza anabembeleza meneja. Wiki ya pili anaambiwa arudi mwisho wa mwezi, malipo yake yatakuwa tayari. Mwisho wa mwezi anaambiwa bosi amesafiri. Anapokuja kukaa kwenye benchi letu, siku 30 za kupeleka malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zimekwisha. Kuna njia ya kuomba kuongezewa muda, lakini lazima atoe sababu za kuridhisha, na "niliahidiwa nirudi" si sababu rahisi kukubaliwa. Mlango wa Tume ulikuwa wazi tangu siku ya kwanza, na kufungua malalamiko pale hakulipiwi wala hakuhitaji wakili. Kijana huyu alikosa mtu wa kumwambia mapema.

Mambo ya mahakamani hayana tofauti. Aliyeshindwa Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Aliyeshindwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ana siku 45 za kwenda Mahakama Kuu. Wengi huzimaliza wakitafuta "mtu anayejuana na mtu". Wengine bado wanapeleka mgogoro wa kiwanja Baraza la Kata wakitegemea hukumu, wakati tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, njia ya kwenda Baraza la Wilaya iko wazi. Tumekutana na familia zilizokaa mwaka mzima zikisubiri uamuzi kutoka mahali pasipo na mamlaka ya kuutoa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utuvumilie tuseme kwa kirefu kidogo kuhusu nani anastahili msaada huu, kwa sababu hapo ndipo watu wanapojikatia tamaa wenyewe kabla hata ya kuuliza.

Sheria inamtazama mtu asiye na uwezo wa kumlipa wakili. Haikusema lazima awe ombaomba. Haikusema asiwe na nyumba. Mjane wa Mbagala anaweza kuwa anaishi kwenye nyumba ya vyumba sita, wapangaji wawili, kodi yote inakusanywa na shemeji yake, na yeye hana nauli ya kufika Kinondoni. Mama wa namna hii akiulizwa kama ana nyumba anajibu ndiyo, na aliyemuuliza anamwambia basi wewe una uwezo. Sisi tunasema hapana. Nyumba hiyo ndiyo inayogombaniwa, na hawezi kuiuza amlipe wakili wa kuitetea. Kitu cha kuulizwa ni kipato chake cha kila siku, watoto anaowalea, na kama mkononi mwake kuna fedha ya wakili kweli.

Kwenye vituo vya msaada mtu huhojiwa. Ataulizwa anafanya kazi gani, anaingiza kiasi gani, ana wategemezi wangapi, na shauri lenyewe ni la nini. Aende na kitambulisho cha NIDA kama anacho, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa inayoeleza hali yake, na karatasi zote za shauri, hata zilizochanika: mkataba, hati ya wito, nakala ya hukumu, cheti cha ndoa au cha kifo. Aeleze ukweli wote, pamoja na ule unaomwonyesha vibaya, kwa sababu wakili anayeusikia mara ya kwanza mahakamani hawezi tena kumsaidia vizuri. Ajue pia kwamba vituo havichukui kila shauri. Wengine hupewa ushauri, wengine huandikiwa nyaraka wakajisimamie wenyewe, na wachache hupewa wakili wa kwenda naye mahakamani. Kujisimamia si jambo la kuogopa kama zamani, kwa kuwa mwaka 2021 sheria iliifanya lugha yetu ya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hata ada ya kufungulia shauri, asiye na uwezo ana utaratibu wa kuomba asamehewe.

Kwenye kesi za jinai, mshtakiwa asiye na uwezo anaweza kupatiwa wakili pale jaji au hakimu anapoona haki inataka hivyo. Ndugu wananchi, mwenye ndugu mahabusu asikae kimya. Mshtakiwa amweleze hakimu kwamba hana fedha ya wakili. Na dhamana ya polisi haiuzwi.

Lipo la mikopo, na hili linatunyima usingizi. Mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba ya kuumiza, imeingia kila uchochoro wa Mbagala. Mama anasaini karatasi asiyoisoma, na kesho yake wanabeba friji, kochi na cherehani. Wapo pia wanaume wanaoweka nyumba ya familia rehani kimyakimya. Tunataka kila mke na kila mume aliyepo hapa ajue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ukisikia tetesi, njoo siku hiyo hiyo. Usisubiri dalali wa mnada agonge mlango.

Vishoka nao wanakula kwenye majeraha haya. Wanasimama karibu na mahakama wakiwa na mabegi na mihuri, wanajiita mawakili, wanachukua laki moja, laki mbili, na mtu anabaki na karatasi isiyopokelewa masjala. Wakili wa kweli ana cheti cha kufanya kazi anachokihuisha kila mwaka, na Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili ambao mtu yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kutafuta jina la wakili na kuona kama anaruhusiwa. Asiyejua kutumia aje kwetu, tutamtafutia. Mwenye uwezo kidogo wa kulipa, tunamshauri aulize gharama yote kabla ya kazi kuanza, apatane kulipa kwa awamu, na adai risiti kila anapolipa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuna jambo moja hatusuluhishi, na tunalitamka mbele yako ili lisije likatumika jina letu. Mtoto akibakwa, akilawitiwa au akipigwa hadi kuumizwa, sisi hatuketi na familia kupatanisha. Hakuna fidia ya mbuzi wala ya milioni inayomaliza jambo hilo. Mtoto apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ipatikane PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, afike hospitali haraka kabla ushahidi haujapotea. Simu ya mtoto ni 116, na ni bure. Tumewahi kuchukiwa na majirani kwa msimamo huu, na hatutaubadilisha.

Sasa tufike kwenye changamoto. Hatuna chumba. Tunakutana na watu chini ya mwembe au barazani kwa mwenzetu, na mama anayetaka kusimulia kipigo cha mumewe hawezi kusimulia huku wapita njia wamesimama. Nauli ya kumsindikiza mtu Ilala au Kinondoni tunaitoa mifukoni mwetu. Lakini zito kuliko yote ni ile barua ya mtaa. Ipo mitaa ambayo mtendaji anaiandika asubuhi na mtu anaondoka nayo. Tunawashukuru sana hao, na baadhi wamekaa hapa mbele. Ipo pia mitaa ambayo mtu anazungushwa wiki mbili, au anaombwa kitu kidogo ili muhuri ugongwe. Wiki mbili, kwa mtu mwenye siku 30, ni karibu nusu ya haki yake.

Kwa hiyo tunaomba, Mheshimiwa. Tunaomba agizo lako kwamba barua ya mtu asiye na uwezo anayetafuta msaada wa kisheria itolewe bila malipo na ndani ya siku moja ya kazi. Tunaomba kila ofisi ya mtaa ibandike ukutani, kwa Kiswahili cha kawaida na maandishi makubwa, siku za ukomo tulizozitaja na mahali pa kwenda, pamoja na majina ya wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa ili wananchi wawatofautishe na matapeli. Tunaomba chumba kimoja katika ofisi ya kata, hata kwa siku mbili tu za wiki, chenye mlango unaofungwa. Na tunaomba viongozi wetu wa dini watupe dakika chache baada ya ibada ya Ijumaa na ya Jumapili, kwa sababu huko ndiko mjane na kijana wa kiwandani wanakopatikana kabla siku hazijawaishia.

Kwa upande wetu, wahitimu wa leo wamegawanywa kila mmoja mtaa wake, na wataanza kupokea watu Jumatatu. Orodha ya majina yao na mitaa yao tumeiambatisha nyuma ya risala hii ili ofisi yako ibaki nayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.