Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Mawakili wa Utetezi

Wanachama wapendwa,

Mafunzo yalifanyika, ziara ya rumande ilifanyika, na uchaguzi wa kamati ulikwenda salama. Hayo mnayajua.

Nataka kulieleza agizo la Machi, maana limesemwa sana pembeni na kidogo mno mkutanoni. Kamati iliagiza mwanachama asikubali kesi ianze kusikilizwa kabla hajapewa ushahidi wa upande wa mashtaka. Baadhi yenu mlidai tunawachelewesha wateja walioko rumande. Ibara ya 50(2)(j) ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya kuujua ushahidi huo mapema na kuufikia. Hata kabla ya Katiba hiyo, mwaka 2008, Mahakama ya Rufani ilisema katika kesi ya Cholmondeley kwamba nakala za maelezo ya mashahidi na vielelezo zitolewe kabla ya kesi. Kumpeleka mteja kizimbani gizani si kumharakishia haki.

Bahasha tunazopewa mnazijua: maelezo ya mashahidi watatu kati ya sita, na fomu ya P3, ile ya polisi ya uchunguzi wa daktari, isiyo na ukurasa ambao daktari ameandika umri wa majeraha na aina ya silaha. Video ya kamera haina cheti cha kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki, kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Dondoo la OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, ndilo huachwa mara nyingi, nalo ndilo linaloonyesha kama mlalamikaji alimtaja mshtakiwa aliporipoti mara ya kwanza. Kwa kesi ya utambuzi wa usiku, mstari ule mmoja waweza kuamua kila kitu.

Ndiyo maana niliandaa mwenyewe fomu ya mapokezi. Barua iende kwa kiongozi wa mashtaka, nakala kwa mpelelezi na mahakama. Hesabu kurasa kabla ya kutia saini, na siku kesi inapotajwa mwombe hakimu aandike kilichokosekana. Anayesaini "nimepokea yote" bila kukagua atahangaika kwenye rufaa. Ushahidi ukiletwa kesi ikiendelea, omba muda. Ikibidi, shahidi aitwe tena chini ya kifungu cha 150 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai.

Shilingi 38,400 za kunakili majalada ya wasiojiweza nilizitetea, na bado nazitetea.

Wanachama ni 64, waliolipa ada 27, tulikusanya sh. 81,000, tukatumia 79,200. Mkutano wa Julai walikuja 11, na wapinzani wa agizo hawakuwamo.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatumaini kuzungumza na waendesha mashtaka kuhusu nakala za kidijitali. Wenye malimbikizo wamwone mweka hazina leo kabla ya kuondoka.